Makocha Wawili wa Nyumba Moja

Asubuhi ya mechi, nyumba ile ilikuwa na makocha wawili na birika moja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kumwambia mwenzake kwamba chai imeiva.

Mmoja alikuwa mama, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, miaka sitini na tatu, mwenye goti moja zima na jingine lililopasuliwa mwaka uliotangulia. Wa pili alikuwa binti yake wa mwisho, miaka ishirini na tano. Jina lake la shule lilibaki huko huko shule. Nyumbani na mtaani wote walimwita Kitinda, kwa kukatisha kitindamimba. Wote wawili walikuwa wameomba kazi ya kuifundisha timu ya netiboli ya wasichana wa chuo cha uuguzi, kilichokuwa nyuma ya hospitali, mahali pa kwenda kwa miguu. Kazi yenyewe ilikuwa ya mtu mmoja.

Ilikuwaje mpaka mama na mwana wakafikishana huko? Mama alikuwa ameifundisha timu ile tangu Kitinda hajaanza kutambaa. Kila mwisho wa msimu alirudi nyumbani, akavua raba, akasema, "Mwaka huu ndio basi. Hawa watoto watanitoa roho. Wapeni vijana." Na kila mwanzo wa msimu alikuwa wa kwanza kufika uwanjani. Hakuna mtu nyumbani aliyeyatilia maanani maneno hayo. Mwaka aliopasuliwa goti, Kitinda alishika timu kwa muda, na hakufanya vibaya. Kisha mlezi wa michezo wa chuo, mwalimu mmoja mwanamume anayependa utaratibu hadi anakera, akatangaza kwamba safari hii kocha atapatikana kwa kushindanishwa, si kwa mazoea. Jioni hiyo mama, mguu juu ya stuli, akasema yale yale: "Niacheni mimi. Wapeni vijana."

Kitinda akayachukua maneno hayo yalivyo, akapeleka maombi. Kesho yake mama naye akapeleka ya kwake, akichechemea njia nzima, na mlezi ndiye aliyemwambia huku anacheka, "Na binti yako tulimpokea jana."

Tangu siku hiyo nyumbani kukawa na adabu, tena adabu ya kutisha. "Naomba chumvi." "Karibu." "Ahsante." "Unatoka?" "Natoka, ahsante." Mtu na mama yake mzazi wakianza kushukuriana kwa kila kitu, ujue moto unawaka chini kwa chini.

"Alisema mwenyewe," Kitinda alijitetea moyoni. Lakini mtoto aliyelelewa na mwanamke yule hawezi kutuambia eti hakujua. Alijua vizuri sana. Aliyadaka maneno ya mama yake kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kuyarudisha.

Na aliitaka ile kazi, hilo tusilizungushe. Alikuwa na cheti cha ukocha, alikuwa amezunguka shule baada ya shule, na kila alikokwenda waliutazama uso wake wakamuuliza kama amekuja kujiandikisha masomo. Chuo kile peke yake ndicho kilichowahi kumwona akifanya kazi. Akikosa pale, hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Mama naye, akikosa, angebakiwa na stuli na mguu wa kuweka juu yake.

"Chai iko tayari," Kitinda akasema hatimaye.

"Nimeiona," mama akajibu.

Akainywa amesimama, tayari amevaa suti yake ya michezo ya kijivu iliyopauka magotini. Kisha akaenda kwenye kioo cha ukutani kuvaa meno. Alikuwa na meno mawili ya bandia, ya mbele, juu, ambayo aliyavaa akienda ofisini au akipokea wageni. Uwanjani aliyavua. Siku moja, akimkaripia mfungaji, yalimchomoka yakaangukia katikati ya uwanja, na mwamuzi akapuliza filimbi kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Kuanzia hapo, mechi ikianza, meno yanahamia mfukoni.

"Watasema wasichana wanataka mtu wa kukimbia nao," mama alikiambia kioo. "Kama shida ni kukimbia nao, si waajiri mbwa?"

Kicheko kilimfika Kitinda kooni. Akakimeza, kwa kuwa kucheka kungekuwa kama kukubali, na mama akamwona anavyokimeza. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Walikwenda njia moja, mmoja mbele na mwingine nyuma, na jirani aliyewasalimu alipata majibu mawili tofauti.

Uwanja wa chuo ulikuwa wa saruji, umebanwa kati ya bweni na jengo la kufulia nguo za hospitali. Mashine za kufulia zilinguruma kutwa, hivyo kocha wa pale alihitaji koo la kweli. Siku hiyo wanafunzi walikuwa wamefurika pembeni, wengine bado wamevaa sare zao nyeupe, wanapiga ndoo na madebe. Wageni walikuwa wasichana wa chuo cha ualimu, wote warefu, na mfungaji wao alikuwa mrefu kuwazidi wenzake wote.

Mlezi wa michezo akawasimamisha mama na mwana pembeni ya benchi. "Sheria ni hizi," akasema. "Nusu ya kwanza kocha mmoja, nusu ya pili mwingine. Timu ile ile, wapinzani wale wale. Asiye zamu anakaa mwisho wa benchi, mdomo kufuli. Sitaki kusikia hata neno. Mimi, mkuu wa chuo na nahodha tutapima, halafu tutakutana ofisini." Akamgeukia mama, akalainisha sauti kama wanavyoongea na mgonjwa. "Mama, utaanza wewe, au umpishe mtoto?"

"Mtoto gani?" mama akauliza. "Si umeita makocha?"

Mlezi akacheka peke yake. Mkuu wa chuo, mwanamke mtu mzima ambaye naye alikuwa anakaribia kustaafu, alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono imefumbatana, hakucheka.

"Aanze yeye," mama akasema. "Mimi nitamalizia."

Kitinda akaanza. Alikimbia nusu nzima sawa na wachezaji wenyewe, huku na huku kando ya mstari, mikono hewani. Neno lake lilikuwa moja. Mtu akitoa pasi nzuri: "Poa!" Wakifunga: "Poa, poa!" Mwaka mzima aliokaa nao, hilo ndilo lililokuwa petroli ya timu, wakilisikia tu wanaongeza mwendo. Nahodha wao, msichana mwembamba anayecheza katikati, aliyeitwa Sindano kwa jinsi pasi zake zinavyopenya, alikuwa akilisikia anainua dole gumba juu na kutimka. Mpaka mapumziko wenyeji walikuwa wanaongoza kwa magoli sita. Madebe yakapigwa karibu yapasuke.

Kitinda akaenda kukaa mwisho wa benchi, jasho linamchuruzika. Akajiambia, leo nimepata.

Mama akasimama, akageukia ukuta kidogo, akayatoa meno, akayafunga kwenye leso na kuyatia mfukoni. Baadhi ya wanafunzi wakachekelea. Wasichana wa uuguzi hawana dogo. Nusu yao walikuwa wanalitazama goti lake badala ya kuutazama uwanja, na mmoja akamwambia mwenzake jinsi jeraha lile lilivyopaswa kushonwa.

Mwanzo mama alikwenda vizuri. Akabadilisha walinzi wawili nafasi, na yule mfungaji mrefu akabaki ananyoosha shingo bila kupata mpira. Lakini wageni walikuwa na kocha mwenye macho. Wakaanza kuzisubiri zile pasi ndefu za Sindano, wakadaka moja, wakadaka ya pili, wakafunga. Timu ya wenyeji, kwa kutaka kulipiza, ikazidi kukimbia na kuzidi kurusha mbali.

Mama akaona. Akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti:

"Poza!"

Katika timu za mama, neno hilo lilikuwa na kazi yake. Poza maana yake acheni papara, pigeni pasi fupi fupi, urudisheni mpira nyuma, wapinzani waufuate mpaka wachoke. Wasichana wake wote wa zamani walilijua, lakini hao walishahitimu, wako mawodini wanachoma watu sindano. Hawa saba waliingia timu mwaka ule wa goti, na tangu mama arudi uwanjani walikuwa kwenye mitihani, mazoezi yenyewe ya kubahatisha. Hakuna aliyewahi kuwaambia.

Sasa changanya ngurumo za mashine, madebe, na yale meno mawili yaliyokuwa mfukoni badala ya kinywani. Ile herufi z ikapotelea njiani. Kilichofika uwanjani kilikuwa, "Po-a! Po-a!"

Sindano akainua dole gumba, akatimka.

Kitinda alilisikia neno lilivyokusudiwa. Angelikosaje? Amekua nalo. Tangu mdogo, akikimbilia kikombe cha chai, mama alimwambia poza kwanza, utaungua. Akakiona na kile kidole cha Sindano, na hapo hapo akaelewa kila kitu: neno lake limekaa juu ya neno la mama yake, na timu inamsikia kocha akiwasifu kwa kosa lile lile analowakataza. Miguu yake ikamnyanyua kutoka kwenye benchi kabla hajaamua lolote.

Kisha akakaa.

Mdomo kufuli, mlezi alisema. Sheria ni sheria. Akaiweka mikono chini ya mapaja kama mwanafunzi aliyekatazwa kugusa kitu.

Wageni wakafunga tena.

"Poza! Jamani, poza!" mama akapiga kelele, na wasichana wakaongeza mbio. Pasi ndefu, ikadakwa, goli. Madebe ya wenyeji yakaanza kusitasita. Walinzi wakatazamana. Mmoja akamtazama mama, akainua mabega, akaendelea kukimbia.

Mama akageuza kichwa. Hakumtazama mlezi wala ubao wa matokeo. Alimtazama Kitinda, kwa muda mfupi tu, kisha akaurudisha uso uwanjani. Kitinda akajiambia kwamba anatafuta chupa ya maji. Chupa ilikuwa miguuni kwake. Hakuiinua.

Kichwani mwake kulikuwa na kesi nzima inaendeshwa. Si kosa langu, alisema. Sikumfundisha mimi kuvua meno. Kocha asiyesikika na wachezaji wake si ni kocha aliyepitwa? Si ndicho wanachopima? Na nikipiga kelele sasa, si nitamwaibisha zaidi, aonekane ni bibi anayehitaji mtu wa kumsemea? Hoja zote zilikuwa nzuri. Lakini kila goli la wageni alilipokea kwa kitu ambacho alijua jina lake lakini hakutaka kulitaja. Ilikuwa nafuu.

Alipolihisi hilo vizuri, kwamba mama yake anazama mbele ya watu na yeye ndani yake anahema vizuri zaidi, akajichukia papo hapo. Wenyeji walikuwa wamebakiza goli moja tu la kuongoza. Mama, sauti imeshakwaruza, akaita tena. Kitinda akaruka juu ya benchi.

"Anasema poza!" akapiga kelele, kila silabi peke yake. "Po-za! Pasi fupi! Rudisheni nyuma! Msirushe mbali, Sindano, rudisha nyuma!"

Sauti yake ilipasua mashine na madebe. Sindano akasimama kama aliyeamshwa, akaurudisha mpira kwa mlinzi. Mlinzi akampa mwenzake. Mpira ukaanza kuzunguka, huku na huku, karibu karibu, na wageni wakaanza kuukimbilia na kuukosa. Mama aliteremsha mikono yake kutoka mdomoni na hakusema neno tena mpaka filimbi ya mwisho.

Wakashinda kwa goli lile moja. Wasichana wakatoka mbio, wakampita mama, wakamrukia Kitinda, wakamnyanyua juu. Kutoka huko juu alimwona mama yake amesimama kwenye mstari, mgongo umewageukia, anayavaa meno.

Ofisi ya mkuu wa chuo ilikuwa na kabati la vioo lililojaa vikombe, na vingi kati yake vilikuwa na majina ya miaka ya mama. Mama alipewa kiti. Kitinda akasimama mlangoni na raba zake zenye vumbi. Sindano akasimama karibu na dirisha, anavuta vidole vyake.

"Sina maneno mengi," mlezi akaanza, na watu wanaoanza hivyo huwa nayo. "Nusu ya kwanza tulikuwa mbele kwa sita. Ya pili tumebaki na moja. Tena hilo moja limeokolewa na aliyekuwa amekatazwa kusema. Nampenda mama, nani asiyempenda? Lakini kuna wakati wa kumheshimu mtu kwa kumpumzisha."

"Ni mechi moja," mkuu wa chuo akasema. "Hivyo vikombe nyuma yako hakuvileta mtu wa miaka ishirini na tano."

"Vililetwa na mtu wa miaka arobaini, mkuu. Huyo simkatai."

Mkuu akavitazama vikombe. Likamwingia, maana yeye mwenyewe aliwahi kuwa wa miaka arobaini. "Nahodha," akasema, "wachezaji wanasemaje?"

Sindano akaanza kulia kabla ya kusema. "Bi Kocha, nisamehe. Tunakupenda, wallahi. Lakini tulikuwa tunafungwa, na wewe unatuambia poa. Tunafungwa tena, poa. Tukaanza kutazamana. Nikajua labda huoni ubao. Halafu nikafikiria..." Akajifuta pua kwa kiganja. "Bibi yangu alianza hivyo hivyo. Anakusifia tu, chochote utakachofanya. Ndiyo ukawa mwanzo wa kusahau majina yetu."

Mama aliendelea kumtazama msichana yule bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomkata Kitinda maini.

"Hakusema poa," Kitinda akasema. "Alisema poza."

"Tumesikia ulipotafsiri," mlezi akajibu. "Na hapo ndipo penye hoja yangu. Chuo hakiwezi kuajiri kocha na mkalimani wake."

Lilibaki la kusema. Kwamba poa lilikuwa neno lake yeye, amelipanda mwenyewe mwaka mzima. Kwamba alielewa mapema, na yale magoli mengi yangeweza kuzuiwa na mtu mmoja aliyekuwa amekalia mikono yake. Yote yalimfika kwenye ulimi.

Mkuu alimwona. "Una la kuongeza?"

Mama naye akageuka, akamtazama, kama alivyomtazama kule uwanjani.

"Hapana," Kitinda akasema.

Mama akaegemea meza, akanyanyuka taratibu. "Basi msihangaike kupiga kura," akasema. "Mimi najitoa. Mpeni yeye."

Mlezi akashusha pumzi. Mkuu wa chuo hakuridhika. "Baada ya miaka yote hii huwezi kuondoka hivi hivi. Lazima niwaambie wenzangu sababu. Ni nini?"

"Nitamtuma yeye akuletee," mama akasema, akatoka.

Walirudi kwa njia ile ile. Mama alitangulia kwa mwendo wake wa goti, na Kitinda akawa nyuma, hathubutu kumpita wala kumshika mkono. Kazi ilikuwa yake. Alijaribu kuifurahia mpaka walipofika kwenye kona ya duka, akaacha kujaribu.

Jikoni mama akakaa, akaweka mguu kwenye stuli, akavuta sinia la vitunguu na kisu. Jua lilikuwa bado halijazama. Akakata kitunguu cha kwanza chote, vipande vyembamba, sawa sawa.

"Ulilielewa tangu mara ya ngapi?" akauliza.

"Nini, mama?"

"Usinifanye mjinga. Wamenifanya mjinga kutwa nzima, inatosha. Poza. Ulilielewa tangu mara ya ngapi?"

"Mlezi alisema asiye zamu..."

"Sijakuuliza mlezi. Na huyo mlezi ulianza kumsikiliza lini? Si ndiye aliyekukataza kuwafanyisha wasichana mazoezi ya Jumapili, na bado ukawafanyisha?"

Kitinda akaangalia sakafu. Angeweza kusema ya pili. Angeweza kusema ya tatu, na nani angebisha?

"Mara ya kwanza," akasema.

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwalimu anayesikia jibu alilokuwa nalo tayari. "Nilikuona. Uliinuka, ukakaa. Nikasema, atainuka tena. Baada ya pale, wale wasichana sikuwa nawaita. Nilishajua hawanipati. Sauti yangu haifiki tena upande wa pili, Kitinda, hilo nalijua tangu kabla ya goti, na si kwa sababu ya meno peke yake. Nilikuwa nakuita wewe. Nilitaka uniazime ya kwako."

"Mama..."

"Subiri. Ungeinuka ile ya kwanza, ningeingia ofisini mwenyewe nikawaambia, mpeni huyu, mimi basi. Ningesema kwa moyo mweupe. Unajua mimi nilitaka nini kwenye ile nusu? Nilitaka kuona tu." Akachukua kitunguu kingine. "Nimeona."

Kitinda akapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, machozi yanamtoka, na vitunguu havikuhusika. "Nisamehe. Kesho naenda kwa mkuu. Namwambia kila kitu. Nawarudishia kazi yao."

"Umwambie nini? Kwamba ulimtazama mama yako anazama, ukakaa kitako? Halafu wale wasichana wakusikilize tena? Wamepoteza kocha mmoja leo. Kesho unataka wampoteze wa pili?" Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. "Hapana. Utaifanya hiyo kazi, na utaifanya vizuri. Mkuu anataka sababu. Kamwambie mama amezeeka."

"Lakini si kweli."

"Ni kweli," mama akasema. "Ila siyo sababu. Sababu itabaki humu jikoni, mimi na wewe. Inuka, sakafu ina baridi."

Kesho yake Kitinda alimwambia mkuu wa chuo kama alivyotumwa. Mkuu aliitazama mikono yake mwenyewe juu ya meza, akasema ndiyo, umri haumwachi mtu, na akamtakia kazi njema. Kisha Kitinda akashuka uwanjani, filimbi shingoni, na wasichana wakamshangilia. Mashine za kufulia zilikuwa zimewashwa zote. Kutoka upande wa pili, chini ya pete, Sindano akaweka mikono mdomoni akauliza Bi Kocha yuko wapi.

Kitinda akamjibu kwamba mama amezeeka. Sindano akagusa sikio, kwamba hajasikia, na ikabidi aseme tena kwa kupiga kelele.